Mbuzi Aliyelipwa Kabla ya Msiba

Katika ukumbi wa kuingilia wa chuo kikuu kilichoko juu ya kilima cha Bulumba, kusini mwa Mwanza, imetundikwa picha ya jengo la zamani la seminari. Ilipigwa mwaka 1962. Inaonyesha ukuta wa mbele wa mawe, madirisha yenye matao, mlango wa kanisa dogo na, juu ya mlango huo, jiwe moja refu lisilo na kiungo. Maelezo yaliyo chini ya picha yanataja mwaka ujenzi ulipoanza, 1953, na jina la bruda Mholanzi aliyechora ramani. Wageni wanaotembezwa huambiwa kwamba jengo hilo ndilo urithi mkubwa wa chuo, na kwamba jiwe la juu ya mlango halijapata ufa hata mmoja.

Upande wa kushoto wa picha kuna mbuzi amefungwa kwenye kigingi. Maelezo hayamtaji.

Mbuzi huyo alikuwa wa Nkwabi Maige, aliyepasua jiwe lile na mengine mengi ya ukuta ule. Nkwabi alizaliwa chini ya kilima, upande wa Buhongwa, katika mji, yaani boma, wa watu waliolima pamba na kuchunga ng'ombe. Baba yake alikuwa akichonga mawe ya kusagia mtama, naye alijifunza kazi hiyo kabla ya kujifunza kulima. Seminari ilipoanza kujengwa, Bruda Kornelio, msimamizi wa ujenzi, aliuliza vijijini nani anajua mawe. Watu walimwonyesha nyumba moja tu.

Kazi yenyewe ilifanywa kwa moto. Nkwabi alichagua jabali, akaligonga kwa nyundo huku na huku akisikiliza, kisha akapanga magogo ya mgunga mgongoni mwake kwa mstari aliotaka lipasukie. Moto uliwashwa alfajiri na kulishwa polepole. Ukizidi upande mmoja, jabali linaharibika. Ukipungua, halifanyi kitu. Jiwe likishapata joto la kutosha hutoa sauti ndogo kutoka ndani, kama mtu anayekohoa chumba cha pili, na hapo ndipo maji ya ziwa yanapomwagwa, debe baada ya debe. Tabaka zima huinuka. Yanayobaki ni kabari na nyundo. Akimwaga mapema, au akichelewa, jiwe lililotafutwa wiki nzima linabaki kokoto. Kwa hiyo mpasuaji akishawasha moto haondoki.

Na huko kijijini kulikuwa na jambo moja ambalo mwanaume hakuruhusiwa kulikosa.

Yowe la msiba likipigwa, kila mwenye mji wake aliacha alichokuwa akifanya, akachukua jembe, akaenda. Wanaume walichimba kaburi kwa zamu na kulifukia wote pamoja. Asiyefika alitakiwa kupeleka mbuzi, na mbuzi huyo aliliwa na wale waliochimba. Haikuhesabiwa kuwa adhabu kubwa. Ilikuwa njia ya kusema: sikuwepo, lakini mimi ni mwenzenu. Asiyefika na asiyeleta mbuzi alitengwa. Hakuna aliyempa moto wala chumvi, hakuna aliyelima naye, na siku ya msiba wake mwenyewe hakuna aliyekuja.

Miaka miwili ya kwanza Nkwabi alikosa mazishi matatu. Kila mara alipeleka mbuzi, na wanaume walimpokea kwa maneno.

"Bwana Mawe kaja!" walimwambia. "Tulidhani umekuwa padri."

"Mapadri hawana mke," mwingine alisema. "Huyu ana Minza, na Minza hawezi kumshika hata siku moja ya msiba."

Nkwabi alicheka nao. Minza, mkewe, hakucheka aliposimuliwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, msemaji, aliyekuwa na sababu yake ya kujali mazishi. Alipokuwa msichana mama yake alikufa mwaka wa ndui. Watu waliogopa kuja. Baba yake alimzika mama peke yake, na Minza alisimama kando akishika taa ya mafuta mchana, kwa sababu aliambiwa ashike kitu.

Mwaka 1955, pamba ilipokuwa tayari kuvunwa, Bruda Kornelio alimwambia Nkwabi kwamba nguzo zote za varanda lazima zipatikane kabla ya mvua. Nkwabi alipiga hesabu ya majabali na ya kuni. Akaona kwamba kiangazi chote atakuwa kwenye moto, na kwamba katika kiangazi kizima hapatakosekana mtu wa kufa. Akafikiria namna ya kufanya heshima. Kule kilimani alikuwa amezoea mambo yanayopangwa kabla: kengele inayolia kabla ya chakula, saruji inayoagizwa kabla haijahitajika. Siku ya Jumamosi alichagua mbuzi mzuri, akampeleka kwa Mihayo, mzee aliyesimamia mazishi ya kijiji.

"Mwangaluka, baba," alisalimia kwa Kisukuma, akipiga magoti kidogo kama inavyotakiwa.

"Mwangaluka. Huyu mbuzi wa nini?"

"Wa mazishi."

Mihayo aliinuka kwenye kigoda, akatazama miji ya jirani mmoja baada ya mwingine. "Amekufa nani?"

"Hajafa mtu, baba. Kiangazi hiki nitakuwa kwenye moto. Nimeona nilete mapema, nisije nikaonekana ninadharau."

Mzee alikaa tena. "Umeniletea mbuzi wa mtu ambaye bado anakula ugali wake."

"Nimeleta mbuzi wangu tu."

"Mrudishe nyumbani."

Mtu mwenye adabu hukataa kwanza anapoletewa kitu, kisha hupokea. Ndivyo Nkwabi alivyolelewa, na ndivyo alivyoelewa. Alimfunga mbuzi kwenye kigingi kilichokuwa karibu na zizi, akaaga, akaondoka.

Mbuzi alikuwa bado kwenye kigingi kile wakati Ngosha, mtoto wa kwanza wa Mihayo, mwanaume mwenye mke na watoto, alipoumwa na nyoka akivuna pamba. Alikufa kabla jua halijazama.

Nkwabi hakuwa amewasha moto siku ya pili yake. Aliposikia yowe alikimbia na jembe begani, akafika miongoni mwa wa mwanzo. Wachimbaji walikuwa wameshaanza. Alisogea kupokea zamu. Hakuna aliyempisha. Walichimba bega kwa bega, bila kumtazama, na alipotafuta nafasi upande wa pili walisogea wakaiziba. Hatimaye Mihayo, aliyekuwa amekaa chini, alisema bila kuinua sauti:

"Wewe nenda. Wewe ulishalipa."

Hakuna mtu aliyetamka neno uchawi, siku ile wala baadaye. Hapakuwa na kesi wala baraza. Siku iliyofuata Minza alikwenda kuomba kaa la moto kwa jirani, akajibiwa kwamba moto umezimika, na moshi ulikuwa ukitoka juu ya paa. Alipofika kisimani wanawake waliinua mitungi nusu tupu wakaondoka. Kundi la kulima lilipopangwa, shamba la Nkwabi lilirukwa. Mbuzi alirudi mwenyewe, kamba ikiburutika. Mtu alikuwa amemfungua na kumfukuza. Minza hakutaka kumwona, wakamuuza mnadani.

Kilimani kazi iliendelea. Nkwabi alikuwa na rafiki mmoja huko, Salehe, seremala wa Igogo aliyetengeneza milango na viti vya kanisa dogo. Salehe alikuwa Mwislamu wa mjini. Babu yake alifika Mwanza na misafara kutoka Tabora, akaoa, akabaki. Wakati wa chakula wawili hawa walikaa kivulini, kila mmoja na chakula chake, wakitaniana.

"Nyie Wasukuma mna kazi," Salehe alisema. "Mjini mtu akinitenga Igogo, nahamia Kirumba. Wakinitenga Kirumba, narudi Igogo, wameshasahau."

"Na ukifa?"

"Nikifa msikiti upo. Nitabebwa hata na mtu niliyemdhulumu mbao."

"Basi utabebwa na wengi."

Salehe alicheka mpaka akaweka sahani chini. Kisha aliona kwamba mwenzake hakuwa anacheka.

Mwaka 1957 Minza alianza kukohoa. Mwanzoni alisema ni moshi. Baadaye alipungua mwili, na asubuhi alikuwa akigeuzia uso ukutani ili Nkwabi asione kitambaa chenye damu. Hawakuwa na mtoto aliye hai. Jioni moja, akipepeta mchele mlangoni, alisema alichotaka.

"Mimi sikuombi dawa. Nimekwisha kuiona hii. Ninakuomba watu."

"Watu gani?"

"Wa kunizika. Nisizikwe kama mama. Nataka nisikie majembe mengi."

"Maiti hasikii majembe, Minza."

"Nitayasikia. Wewe niletee."

Nkwabi alikwenda kwa Mihayo. Hakupeleka chochote mkononi. Mzee alimwacha amesimama mpaka alipomaliza kukoka moto, kisha akamwambia akae. Walizungumza juu ya mvua. Nkwabi aliomba msamaha kwa jambo ambalo hakujua jina lake, akaeleza hali ya mkewe. Mihayo alisogeza kuni motoni. Alikuwa amezeeka tangu Ngosha afe.

"Mimi ninajua kwamba nyoka si mbuzi," alisema. "Lakini mama yake Ngosha akikuona, hali chakula. Na watu walimwona mbuzi wako hapa kabla ya msiba. Sasa sikiliza. Msiba ujao, uwe wa nani uwe wa nani, njoo wa kwanza na uondoke wa mwisho. Shika jembe mbele yao wote. Ukifanya hivyo sitakuwa na neno, na wao hawatakuwa na neno."

"Wataniruhusu kuchimba?"

"Nitawaambia wakupishe. Lakini uje wewe. Usilete mbuzi."

Nkwabi aliporudi alimweleza Minza, naye usiku ule alikula.

Wakati huo kuta za seminari zilikuwa zimefika usawa wa paa, na kilichosubiriwa ni jiwe la juu ya mlango wa kanisa dogo. Bruda Kornelio alitaka jiwe moja, refu, bila kiungo. Nkwabi alilitafuta majabalini kwa muda mrefu, akalipata chini kidogo ya kilima, karibu na maji. Mwaka uliopita msaidizi wake, Chenge, kijana mkubwa aliyetoka upande wa Igoma, aliachiwa moto wa jiwe la ngazi akamwaga maji mapema. Jiwe lilitoka vipande vitatu. Hili likiharibika, lisingepatikana jingine.

Bruda alikuwa amesikia habari za Minza. Seminari ilikuwa na lori moja, na lori hilo lilihitajika kuvuta jiwe.

"Nkwabi," alimwambia kwa Kiswahili chake cha pole pole, "jiwe likitoka, gari linaleta jiwe. Kesho yake gari linapeleka mama hospitali. Daktari ni mzuri. Nimekwisha mwandalia nafasi."

Hakuyasema kama masharti. Alikuwa akipanga safari za lori. Nkwabi aliyapokea kama yalivyosemwa.

Moto uliwashwa alfajiri ya Jumanne. Jua lilipokuwa juu, jabali likianza tu kushika joto, yowe lilisikika kutoka kijijini. Lilikuwa la sauti ya mwanamke, refu, kisha sauti za wengine zikaipokea.

Chenge alisimama na debe mkononi. "Mzee, hilo ni la msiba."

"Nimelisikia."

"Si ndilo unalolisubiri?"

Nkwabi aliinamia moto. Alisukuma gogo moja ndani kwa mti.

"Nenda," Chenge alisema. "Mimi nitasikiliza. Likikohoa, namwaga."

"Mwaka jana ulisikia nini?"

"Mwaka jana nilikuwa mjinga."

"Na sasa?"

Chenge alicheka kwa aibu, akatazama chini. Yowe lilisikika tena. Kutoka pale walipokuwa waliweza kuona watu wakitoka mashambani, mmoja mmoja, wakielekea upande mmoja, majembe mabegani. Nkwabi aliwatazama. Kama angeondoka wakati ule angefika kabla ya wengi wao. Jabali lingeharibika, lori lisingekuwa na la kuvuta, na Bruda, ambaye hakuwa mtu mbaya, huenda angempeleka Minza hospitali vilevile. Huenda. Nkwabi hakuwahi kumuuliza.

"Jaza madebe," alisema.

Jiwe lilitoka zima. Bruda alilizunguka mara kadhaa, akalipapasa kwa kiganja, akavua kofia. Jioni Nkwabi alishuka kijijini kwa njia ya nyuma. Aliyekufa alikuwa bibi kizee, mama mkwe wa mtu, asiye na adui. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa, na mbele ya nyumba watu waligeuza vichwa.

Lori lilimpeleka Minza hospitali kama ilivyoahidiwa. Alikaa huko mpaka mvua zikaanza. Daktari alimweleza Nkwabi kwamba pafu moja limekwisha na la pili limeshikwa, kwamba angeletwa mapema zaidi ingekuwa jambo jingine, na kwamba sasa akapumzike nyumbani. Akiwa amelala nyuma ya lori wakirudi, Minza alisema:

"Nilikuomba watu. Ukaniletea gari."

Hakulirudia tena. Nkwabi naye hakwenda tena kwa Mihayo, kwa kuwa hakuwa na la kumwambia.

Seminari ilibarikiwa mwaka 1958. Askofu alipita chini ya jiwe la mlango, mapadri wakamfuata, na mafrateri, wanafunzi wa upadri, wakiwa na kanzu nyeupe waliimba kwa Kilatini. Mafundi walipewa mahali pa kusimama pembeni, na baadaye chakula. Wanawake hawakuruhusiwa kupita lango, kwa hiyo hata kama Minza angekuwa na nguvu za kupanda, asingeliona jiwe. Nkwabi alibakizwa kama mtunza bustani. Bruda Kornelio alihamishiwa kwingine mwaka uliofuata. Siku ya kuondoka alimpa Nkwabi nyundo yake.

Minza aliishi zaidi ya ilivyotegemewa. Alikuwa na siku za kukaa juani na siku za kulala. Kijiji kilipita mbele ya mji wao kikienda shambani na kurudi, na yeye alikijua kwa sauti za miguu. Aliwataja watu kwa majina wakipita, kimya kimya, kama anayehesabu kuku wake.

Mwaka 1961 ukaleta Uhuru. Ilitangazwa kwamba bendera mpya itapandishwa usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe tisa Desemba, na kwamba mjini Mwanza kutakuwa na ngoma, gwaride na nyama. Chama cha ushirika kilitoa malori yake ya pamba. Ijumaa asubuhi yalisimama kwenye barabara ya Shinyanga, na watu wa chini ya kilima waliyapanda wote, wazee kwa watoto, wamevaa nguo walizoweka kwa sikukuu. Waliimba kabla injini hazijawashwa.

Minza alikuwa amelala. Usiku mzima hakupata pumzi. Aliposikia nyimbo alifumbua macho.

"Wanakwenda wapi?"

"Mjini. Bendera."

"Wote?"

"Wote."

"Hata Mihayo?"

"Nimemwona amepandishwa mbele, kwa dereva."

"Watarudi lini?"

"Jumapili."

Alifikiri kidogo. "Basi nitawasubiri," alisema.

Alijitahidi. Alikunywa uji, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu juzi yake. Aliomba aegemezwe, akae wima, kwa sababu akilala pumzi inakata. Lakini hakufika adhuhuri.

Nkwabi alimfunika, akafunga mlango, akapanda kilimani. Njiani hakukutana na mtu. Seminari nayo ilikuwa tupu. Mafrateri walikuwa wamepelekwa mjini kuimba katika Misa ya shukrani. Alimkuta Padri Gombera, mkuu wa seminari, kwenye varanda, na uwanjani Salehe akilainisha kwa randa mti wa bendera, kwani kesho yake bendera mpya ilitakiwa kupanda Bulumba pia. Salehe alikuwa akifanya haraka ili awahi sala ya Ijumaa mjini.

Padri Gombera alisikiliza, akainamisha kichwa. "Pole sana. Kesho baada ya Misa nitakuletea vijana wote. Hamsini. Watachimba, wataimba."

"Kesho ni mbali, Padri," Nkwabi alisema. Ilikuwa Desemba, na joto la mvua lilikuwa limekaa juu ya ziwa.

Padri alilielewa hilo. Aliingia ndani akatoka na blanketi jipya.

Salehe aliweka randa chini. Waliteremka pamoja. Chini ya kilima Salehe alisimama, akashika usukani wa baiskeli yake.

"Bwana Nkwabi, hapa mpaka mjini mimi ni mwendo mdogo. Niende uwanjani, nimtafute huyo mzee wenu, niwaambie. Watu wale wana malori. Wakitaka, jioni wako hapa."

"Wakitaka."

"Eh. Wakitaka."

Nkwabi alitazama barabara. "Ukienda ukawaita, halafu wasije?"

"Basi hawakuja."

"Nitakuwa nimejua."

Salehe alisukuma baiskeli mpaka nyumbani kwa Nkwabi. Aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa nyumba, akakunja mikono ya shati, akauliza jembe liko wapi. Saa ya sala ilipita akiwa ndani ya shimo.

Walichimba wawili. Usawa wa kiuno walikutana na jiwe. Nkwabi aliligonga, akasikiliza, akasema linaendelea mpaka chini ya nyumba. Wakahamia pembeni, wakakutana nalo tena. Mtu aliyepasua mawe ya varanda nzima hakuwa na namna ya kuwasha moto pale. Kaburi likabaki na kina kilichopatikana. Walimshusha Minza na blanketi la Padri, wakafukia, na juu yake wakapanga vipande vya mawe ambavyo Nkwabi alikuwa akivileta nyumbani miaka yote kwa ajili ya kukalia, ili fisi asifukue. Salehe alisimama kichwani, akafungua viganja, akaomba dua fupi kwa lugha aliyoijua. Nkwabi hakuomba. Alikuwa akisikiliza upande wa barabara.

Jumapili malori yalirudi. Watu walishuka na vibendera vya karatasi, sauti zimekauka. Wakapita. Waliliona kaburi, maana liko karibu na njia, na wimbo ulikatika mbele ya mji wa Nkwabi kisha ukaendelea mbele kidogo.

Jumatatu asubuhi Mihayo alikuja, akitembelea fimbo, akivuta mbuzi. Alimfunga kwenye nguzo ya boma.

"Mwangaluka," alisema.

"Mwangaluka, baba."

"Hatukuwepo. Mbuzi huyu hapa."

"Wa nani?"

"Wa kijiji."

Nkwabi alimtazama mbuzi. Alikuwa jike mchanga, mwenye baka jeupe shingoni. "Baba, nikuulize. Mngekuwepo, mngekuja?"

Mzee alikaza kamba ambayo ilikuwa imekazwa tayari. "Hatukuwepo," alisema tena, akaondoka.

Kwa desturi mbuzi huyo alikuwa wa waliochimba. Salehe, aliyeijua desturi hiyo kwa miaka ya kusimuliwa, alifika mwisho wa wiki na kisu chake.

"Nyama yetu wawili hii," alisema. "Sheria yenu. Nichinje?"

"Nikimla, nimekubali kwamba wangekuja."

"Basi mrudishe."

"Nikimrudisha, nimekubali kwamba wasingekuja."

"Sasa utafanya nini naye?"

Nkwabi alikata majani. Alimlisha. Asubuhi alipanda naye kilimani, akamfunga kwenye kigingi karibu na kanisa dogo ambako majani yalikuwa mengi, na jioni akashuka naye. Mafrateri walimzoea. Mpiga picha alipokuja mwaka 1962 kulipiga jengo, hakuna aliyeona haja ya kumwondoa.

Kijijini walianza kumjibu salamu. Mwanamke mmoja alimpa moto. Yowe lilipopigwa hakwenda, na hakuna aliyekuja kumdai mbuzi.

Mwaka 1964 aliacha kazi ya bustani, akampa vyungu vya Minza mtu aliyekuwa akipita, akachukua nyundo ya Bruda, akavuka ziwa kwenda upande wa Geita. Asubuhi ya siku hiyo Mihayo, akitoka nje, alimkuta mbuzi mwenye baka jeupe amefungwa kwenye kigingi kilekile cha karibu na zizi. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kisha akauliza watu wa nyumbani nani amekufa. Walimjibu kwamba hajafa mtu.

Salehe aliishi Igogo miaka mingi baada ya hapo. Kila alipokutana na mtu wa Geita alimuuliza habari za mpasua mawe mmoja, mtu wa Buhongwa, mkimya. Hakupata hata mmoja aliyejua Nkwabi alikufia wapi, wala nani alishika jembe.